Usanifishaji wa Istilahi: Majengo ya Urithi na Vitu vya Kale vya Bukoba na Muleba

MALENGO YA MADA

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza maana ya istilahi, usanifishaji na uainishaji;
(b) kubainisha njia za kupata istilahi, kwa mifano ya majengo ya urithi na vitu vya kale;
(c) kupima ubora wa istilahi kwa kutumia sifa zinazokubalika;
(d) kujaza kadi ya istilahi;
(e) kueleza hasara za kutumia istilahi zisizosanifishwa.

1. UTANGULIZI: NENO MOJA, VITU VIWILI

Chukua mfano huu. Wanafunzi wawili wa kidato cha nne mkoani Kagera wamepewa kazi ya kuorodhesha urithi wa kale wa eneo lao. Wa kwanza yuko Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Anaonyeshwa kipande cha chungu kilichotoka ardhini. Anaandika kwenye kadi yake: "Kigae kimoja, kimevunjika." Wa pili yuko Muleba, mbele ya jengo la zamani la misheni. Kipande kimoja cha udongo wa kuchoma kimeanguka kutoka kwenye paa. Naye anaandika: "Kigae kimoja, kimevunjika."

Kadi hizo mbili zikifika kwenye ofisi moja, anayezisoma hana njia ya kujua kwamba zinahusu vitu tofauti kabisa. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Cha pili hakiwezi kuwa kimeumbwa kabla ya wamisionari kufika miaka ya 1890. Cha kwanza kinaeleza habari za wafinyanzi wa Zama za Chuma, cha pili kinaeleza habari za ujenzi wa misheni.

Je, kuna mwanafunzi aliyekosea Kiswahili? Hapana. Neno "kigae" lina maana zote mbili: kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, na kipande cha udongo kilichochomwa kwa ajili ya kuezekea. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu neno lipi litumike kwa kitu kipi. Makubaliano hayo ndiyo usanifishaji wa istilahi.

2. MAANA YA DHANA MUHIMU

Istilahi ni neno au fungu la maneno linalotumika katika uwanja maalumu wa maarifa kwa maana moja mahususi. Neno la kawaida linaweza kuwa na maana nyingi. Istilahi, ndani ya uwanja wake, inatakiwa kuwa na maana moja tu.

Usanifishaji ni mchakato wa kuchagua, kurekebisha, kuidhinisha na kusambaza matumizi ya lugha ili yawe na usawa kwa watumiaji wote.

Uainishaji ni kuviweka vitu katika makundi kwa kufuata kigezo kinachojulikana, kama vile umbo, malighafi, matumizi au umri.

Urithi usiohamishika ni majengo, makaburi, mapango yenye michoro, mashimo ya kuyeyushia chuma na mengine yaliyoshikamana na ardhi.

Urithi unaohamishika ni vitu vinavyoweza kuchukuliwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, kama vyungu, zana za mawe, mikuki, ngoma na vito.

Zingatia: Usichanganye usanifishaji na uainishaji. Uainishaji huuliza, "Kitu hiki ni cha kundi gani?" Usanifishaji huuliza, "Kundi hilo sote tuliite nani?" Uainishaji bila usanifishaji huleta makundi mazuri yenye majina yanayogombana. Usanifishaji bila uainishaji huleta orodha ya maneno isiyo na mpangilio.

3. VYOMBO VYA USANIFISHAJI KWA UFUPI

Unatakiwa kukumbuka hatua kuu zifuatazo:

1928: Mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu.
1930: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa. Kamati hii ndiyo chimbuko la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.
1967: Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria ya Bunge. Baraza hili ndilo lenye mamlaka ya kuidhinisha istilahi Tanzania Bara, na limekuwa likizichapisha katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu.
1981: TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Kwa kawaida istilahi hupita hatua tano: kukusanywa kutoka kwa watumiaji na wataalamu wa uwanja, kuchambuliwa, kujadiliwa, kuidhinishwa na kusambazwa. Hatua ya kwanza ndiyo inayotuhusu zaidi katika mada hii, kwa sababu watumiaji wa kwanza wa maneno ya urithi wa Bukoba na Muleba ni wazee, wafinyanzi, wahunzi na waezekaji wa huko huko.

4. UWANJA WETU: NINI KIPO BUKOBA NA MULEBA?

Huwezi kuunda istilahi kabla ya kukijua kitu chenyewe. Tuangalie mifano minne.

4.1 Katuruka, Maruku
Katuruka ni eneo la kale la Maruku, Bukoba. Masimulizi ya Wahaya yanalitaja kuwa makao ya mfalme Rugomora Mahe. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ili aone mbingu zilivyo. Hapo palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alianza utafiti katika eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifuata masimulizi ya wazee, akachimbua karibu na mti ule, na kukuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Tafakari hapa. Kama mtu angeandika kwenye kadi yake "mti mkubwa" na kuacha jina Kaiija kwa sababu ni la Kihaya, angekuwa ametupa taarifa iliyompeleka mtafiti kwenye ushahidi. Jina la mahali ni sehemu ya kumbukumbu.

4.2 Vyungu vya Urewe
Katika maeneo ya kale ya Kagera hupatikana vipande vya vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Aina hiyohiyo hupatikana magharibi mwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Vyungu hivi hutambulika kwa midomo iliyokatwa kwa pembe na mapambo ya mistari iliyochorwa. Baadhi yake vina kishimo kidogo kitakoni.

Historia ya jina hili ni funzo zuri la usanifishaji. Mwaka 1948 watafiti waliviita kwa jina la kile kishimo cha kitakoni. Baadaye ilionekana kwamba vyungu vingi vya aina hii havina kishimo hicho. Jina lilikuwa linataja sifa ya wachache na kuwaacha wengi nje. Wanaakiolojia wakachukua jina la Urewe, mahali pa magharibi mwa Kenya vilipopatikana, na watafiti wa nchi zote wakalifuata. Istilahi ilibadilika, lakini ilibadilika kwa makubaliano.

4.3 Msonge
Nyumba ya asili ya Wahaya ni ya mviringo, na paa lake la nyasi linashuka kutoka kileleni hadi chini. Kwa Kihaya huitwa omushonge. Kiswahili kina neno "msonge", lenye maana ya nyumba ya mviringo yenye paa la umbo la pia. Maneno haya ni ndugu, lakini maana zake hazilingani kabisa. Nyumba ya mviringo yenye ukuta wa udongo na paa lililokaa juu ya ukuta nayo ni msonge kwa Kiswahili. Nyumba ya Kihaya haina ukuta wa nje unaoonekana, kwa sababu paa ndilo ukuta. Tutalirudia tatizo hili katika sehemu ya 7.

4.4 Majengo ya enzi ya ukoloni na misheni
Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji huo ili kuharibu kituo cha simu ya upepo. Mpaka leo mjini kuna jengo la enzi hiyo liitwalo Duka Kubwa. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Huko Rutabo, wilayani Muleba, yalikuwa makao ya jimbo lililoanzishwa mwaka 1953 chini ya Askofu Laurean Rugambwa. Mwaka 1960 jimbo hilo likawa Jimbo la Bukoba, na mwaka huohuo Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Alipofariki mwaka 1997 alizikwa Rutabo, kisha mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

Mfano wa Rutabo unafundisha jambo. "Kanisa kuu" ni jina la wadhifa: ni kanisa lenye kiti cha askofu. Makao ya askofu yakihama, wadhifa nao unahama ingawa kuta zimebaki palepale. Kwa hiyo kwenye kadi tenganisha umbo la jengo, matumizi yake ya zamani na matumizi yake ya sasa.

5. NJIA ZA KUPATA ISTILAHI

Njia zilizopo hapa chini unazijua kutoka mada ya uundaji wa maneno. Mifano yote imetolewa katika uwanja wa urithi wa kale.

(i) Uambishaji na unyambulishaji. Viambishi huongezwa kwenye mzizi. Mifano: rithi – urithi, chimbua – uchimbuaji, kumbuka – kumbusha – makumbusho, hifadhi – mhifadhi.

(ii) Uambatanishaji. Maneno mawili huunganishwa. Mfano: mwana + akiolojia = mwanaakiolojia.

(iii) Utohozi. Neno la kigeni hurekebishwa lifuate matamshi ya Kiswahili. Mifano: akiolojia, kaboni, altare.

(iv) Kukopa kutoka lugha za Kibantu. Kiswahili kimekopa "ikulu" kutoka Kinyamwezi na "ng'atuka" kutoka Kizanaki. Kwa njia hiyohiyo tunaweza kukopa kutoka Kihaya maneno kama kikale (makazi ya mfalme pamoja na nyumba na nyua zake) na gashani (mahali patakatifu panapohusiana na mazishi ya mfalme).

(v) Tafsiri sisisi. Fungu la maneno la lugha nyingine hufasiriwa neno kwa neno. Mifano: Zama za Mawe, Zama za Chuma, Urithi wa Dunia.

(vi) Kupanua maana. Neno lililopo hupewa maana ya ziada. Mfano: boma. Neno hili limetumika kwa ua wa mifugo, ngome na ofisi ya serikali ya wilaya. Njia hii ni rahisi, lakini ndiyo inayozaa utata mwingi kuliko zote.

(vii) Kufananisha. Kitu hupewa jina kwa kukilinganisha na kingine. Mfano: mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zinazobaki chuma kikiyeyushwa.

(viii) Ufupishaji. Mifano: BAKITA, TATAKI, KK (Kabla ya Kristo), BK (Baada ya Kristo).

Zingatia: Mtahiniwa mzuri hataji njia tu. Anaeleza pia kwa nini njia hiyo inafaa kwa kitu hicho. Kwa mfano, kukopa gashani kunafaa kuliko kutafsiri kuwa "kaburi", kwa sababu gashani si shimo la kuzikia tu. Ni mahali penye miiko, walinzi na ibada zake. Ukiandika "kaburi", anayesoma atadhani ni sawa na kaburi lolote la makaburini.

6. SIFA ZA ISTILAHI BORA

Unapopewa istilahi uipime, tumia sifa zifuatazo:

(a) Usahihi: itaje kitu chenyewe, si sifa ya wachache. Kumbuka kile kishimo cha kitakoni.
(b) Maana moja: isibebe dhana mbili ndani ya uwanja mmoja. Kumbuka kigae.
(c) Ufupi: "mrija wa mvukuto" ni bora kuliko "kitu cha udongo chenye tundu kilichotumika kupitishia upepo kwenye tanuru".
(d) Uzalishaji: iweze kuzaa istilahi nyingine. Kutoka "tanuru" tunapata tanuru la shimo, ukuta wa tanuru, kipande cha tanuru.
(e) Ulingano: istilahi za kundi moja zifuate muundo mmoja. Ukisema "kigae cha chungu", sema pia "kigae cha paa". Usiseme "kigae cha chungu" kisha "vipande vya kuezekea".
(f) Kukubalika: watumiaji wasione aibu wala dharau kuitumia.

Sifa ya mwisho ina mjadala. Kuna wanaoona "mavi ya chuma" ni neno lisilo la adabu, na wanataka "takataka za chuma". Lakini "takataka za chuma" linaweza pia kumaanisha misumari iliyopinda na mabati mabovu. Mwenye hoja ya usahihi atachagua neno la kwanza, ambalo kamusi zinalitambua. Ukiulizwa swali hili, taja pande zote mbili, kisha chagua upande na utoe sababu.

7. KADI YA ISTILAHI

Istilahi huwekwa kwenye kadi yenye ngazi. Juu huwa kuna istilahi pana, chini yake istilahi finyu, na pembeni istilahi zinazohusiana nayo. Wahifadhi wa makumbusho duniani hutumia utaratibu huu katika orodha zao kubwa za maneno, kwa mfano ile ya sanaa na usanifu wa majengo inayotunzwa na taasisi ya Getty nchini Marekani. Utaratibu wenyewe ni rahisi, na unaweza kuufanya kwa daftari na kalamu.

Soma kadi ya mfano:

Istilahi: msonge wa paa-ardhi
Istilahi pana: msonge, nyumba ya asili
Istilahi husiani: kikale, waezekaji, kibanja
Jina la mahali: omushonge (Kihaya)
Maelezo ya matumizi: Nyumba ya mviringo ambayo paa lake la nyasi linashuka hadi chini bila ukuta wa nje unaoonekana. Isitumike kwa nyumba ya mviringo yenye ukuta wa udongo au matofali. Hiyo iitwe "msonge wa ukuta".
Usitumie: banda, kibanda, nyumba ya nyasi

Angalia mambo matatu katika kadi hii. Kwanza, neno la Kiswahili "msonge" halikutupwa. Limebaki juu kama istilahi pana, na tofauti ya Kihaya imepewa ngazi yake. Pili, jina la Kihaya limehifadhiwa mahali pake. Tatu, kadi inasema pia neno lipi lisitumike. "Kibanda" ni neno la kushusha hadhi, na "nyumba ya nyasi" linataja malighafi bila umbo.

"Msonge wa paa-ardhi" na "msonge wa ukuta" ni mapendekezo ya kitabu hiki kwa ajili ya zoezi. Si istilahi zilizoidhinishwa na BAKITA, na kwenye mtihani ueleze hivyo ukizitumia.

Jedwali la 1: Maneno yenye utata na jinsi ya kuyatenganisha

| Neno | Maana zinazogongana | Pendekezo |
|---|---|---|
| kigae | kipande cha chungu. Kipande cha kuezekea | kigae cha chungu. Kigae cha paa |
| boma | ua wa mifugo, ngome, ofisi ya wilaya | ua wa mifugo, ngome, boma la utawala |
| mnara | jengo refu jembamba. Alama ya ukumbusho | mnara. Mnara wa kumbukumbu |
| ikulu | makazi ya Rais, makazi ya mfalme wa jadi | ikulu, kikale |
| gofu | jengo lililobaki kuta. Jengo lililohamwa tu | gofu. Jengo lisilotumika |

8. ISTILAHI NA SHERIA: KWA NINI NENO LINA UZITO

Watahiniwa wengi hudhani mada hii ni ya kukariri. Sehemu hii inaonyesha kwamba neno moja linaweza kuamua kama kitu kitalindwa au la.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inatenganisha urithi katika makundi na kuyapa miaka tofauti:

- Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa moja kwa moja.
- Jengo au muundo usiohamishika uliojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1886 unalindwa moja kwa moja.
- Milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940 nazo zinalindwa.
- Kilicho nje ya miaka hiyo kinaweza kulindwa kikitangazwa rasmi na Waziri mwenye dhamana.

Sasa tumia sheria hii kwa mifano yetu.

Kigae cha chungu cha Urewe kinalindwa moja kwa moja, kwa sababu umri wake unazidi mwaka 1863 kwa mbali. Ndiyo maana haifai kukiokota na kukipeleka nyumbani. Kigae cha paa la misheni hakilindwi hivyo. Ile kadi ya "kigae kimoja, kimevunjika" inamnyima msomaji taarifa ya kisheria.

Majengo ya Wajerumani mjini Bukoba yote yalijengwa baada ya mwaka 1886, kwa kuwa kituo chenyewe kilianzishwa mwaka 1890. Mtu akiandika "jengo la kale" anaweza kuamini kwamba linalindwa tayari, kumbe linahitaji tangazo. Ni salama zaidi kuandika "jengo la enzi ya Wajerumani, baada ya 1890".

Msonge una tatizo gumu zaidi. Nyasi zake huezekwa upya kila baada ya miaka michache, na nguzo zikioza hubadilishwa. Ukiuliza umri wa nyasi, msonge ni mpya daima. Ukiuliza umri wa mahali, ufundi na mpangilio, unaweza kuwa wa karne nyingi. Kadi ikisema "jengo" tu, kigezo cha umri kitauangusha. Kadi ikitenganisha "jengo", "eneo" na "ufundi", kila kimoja kinapata hoja yake.

Jambo hili halihusu sheria pekee. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kuharibu nyumba, na shule zikiwemo. Shule ya Sekondari Ihungo ilikuwa miongoni mwa zilizoharibiwa vibaya. Baada ya janga la namna hiyo, fundi na mhifadhi wanahitaji kumbukumbu ya jengo lilivyokuwa kabla. Kadi isemayo "jengo la zamani, zuri, la mawe" haiwezi kumwongoza mtu kulijenga tena. Kadi inayotaja aina ya ukuta, aina ya paa, malighafi na mwaka wa ujenzi inaweza. Na kadi hiyo huandikwa jengo likiwa bado limesimama.

9. MATATIZO YA USANIFISHAJI KATIKA UWANJA HUU

(a) Maneno kutofautiana kati ya nchi. Tanzania husema "makumbusho", na Kenya neno "makavazi" nalo hutumika kwa maana hiyo. Hapa kwetu "makavazi" hutumika kwa mahali pa kutunzia nyaraka.
(b) Utafiti kuandikwa kwa lugha za kigeni. Habari nyingi za Katuruka zimechapishwa kwa Kiingereza, hivyo istilahi za Kiswahili huchelewa.
(c) Usambazaji hafifu. Istilahi inaweza kuidhinishwa na isimfikie mwalimu wa Muleba wala mwongoza watalii wa Bukoba.
(d) Kupotea kwa wajuzi. Mzee anayejua jina la kila fito ya msonge akifariki kabla ya kuulizwa, maneno yake huondoka naye.
(e) Kudharau lugha za jamii. Baadhi ya wakusanyaji huona jina la Kihaya ni kosa linalopaswa kusahihishwa.

10. MAKOSA YA WATAHINIWA

Kosa la 1: Kusema istilahi ni "maneno magumu". Sahihi: istilahi ni maneno ya uwanja maalumu, na yanaweza kuwa mepesi kama "tanuru".
Kosa la 2: Kusema kusanifisha ni kufuta maneno ya lugha za jamii. Sahihi: usanifishaji huweza kuyakopa na kuyahifadhi.
Kosa la 3: Kutoa mifano ya vitabuni tu. Mfano wa eneo lako huonyesha kwamba umeielewa mada.
Kosa la 4: Kuchanganya kukopa na kutohoa. Gashani limekopwa kama lilivyo. Akiolojia limetoholewa, yaani limebadilishwa matamshi.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tofautisha usanifishaji na uainishaji kwa mfano mmoja.
2. Bainisha njia iliyotumika kupata kila istilahi: (a) makumbusho (b) Zama za Chuma (c) mavi ya chuma (d) mwanaakiolojia (e) ikulu.
3. Kwa nini jina la kwanza la vyungu vya Urewe liliachwa? Hoja hiyo inagusa sifa gani ya istilahi bora?
4. Tengeneza kadi ya istilahi ya "kigae cha chungu".
5. "Kila jengo la Wajerumani la Bukoba linalindwa na sheria moja kwa moja." Jadili.
6. Insha: "Kusanifisha istilahi za urithi ni kulinda urithi wenyewe." Thibitisha kauli hii kwa hoja tano kutoka mkoa wa Kagera au mkoa wako.

MAJIBU ELEKEZI

1. Uainishaji ni kuweka katika kundi, usanifishaji ni kukubaliana jina la kundi. Mfano: kutenga vipande vya vyungu na vya paa ni uainishaji. Kukubaliana kuviita "kigae cha chungu" na "kigae cha paa" ni usanifishaji.
2. (a) uambishaji na unyambulishaji (b) tafsiri sisisi (c) kufananisha (d) uambatanishaji, ambapo sehemu ya pili imetoholewa (e) kukopa kutoka lugha ya Kibantu.
3. Lilitaja kishimo kisichopatikana katika vyungu vyote. Sifa inayohusika ni usahihi.
4. Istilahi pana: kitu cha kale cha udongo. Istilahi finyu: mdomo wa chungu, kitako cha chungu, kigae chenye mapambo. Maelezo: kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, isitumike kwa kipande cha kuezekea. Usitumie: kigae (peke yake), kipande.
5. Si kweli. Ulinzi wa moja kwa moja ni kwa majengo ya kabla ya 1886, na kituo cha Bukoba kilianzishwa 1890. Majengo hayo yanahitaji kutangazwa na Waziri.
6. Hoja zinazoweza kutumika: kitu kupatikana kwenye orodha, kulinganisha vitu vya sehemu mbalimbali, mfano Urewe, kutumia sheria ipasavyo, kujenga upya baada ya janga, mfano tetemeko la 2016, kuhifadhi maarifa yaliyomo katika majina, mfano Kaiija. Kila hoja iwe na aya yake: kauli, maelezo, mfano, na sentensi inayoirudisha kwenye swali.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mwendee mzee, fundi au mfinyanzi wa mtaa wako. Mwombe akutajie majina matano ya sehemu za nyumba ya asili au za chungu, kwa lugha yake. Tengeneza kadi tano kama tulivyofanya katika sehemu ya 7. Andika tarehe na mahali ulipoyapata maneno hayo. Usiokote wala kuchimba chochote. Baadaye linganisha kadi zako na za mwenzako. Mkikuta mmeita kitu kimoja kwa majina mawili, jadilini mpaka mkubaliane, kisha andikeni sababu ya kuchagua jina hilo.